Walitafuta mtu wa cyber, nikawapelekea mtu wa cyber

Wakuu, niaje. Hii sijaambiwa na mtu, nilikuwa ndani ya hiyo ofisi.

Kuna beshte yangu Wafula, ana cyber, kale kaduka ka internet na kuprint, hapa Kiamunyi. Mimi computer sikusomea mahali, nilijifunzia kwa mashini zake na hakuwahi kunifukuza. Kwa hivyo ukimcheka, umenicheka.

Siku hizi biashara imelala. Kila mtu anajifanyia mambo kwa simu. Bibi yake ana mimba, na Wafula ameanza kusema atafunga arudi kwao Bungoma alime.

Basi naona tangazo. Kampuni fulani hapa town inatafuta "mtu wa cyber, mwenye experience."

Experience? Huyu jamaa ako kwa cyber tangu modem zikilia kama paka.

Nikamwazima tai, tukaenda. Nikajiita referee wake, wakaniacha nikae.

Mbele yetu kuna boss wa suti na dada wa laptop.

Dada akauliza, "Wafula, threat kubwa umewahi kuhandle ni gani?"

Wafula akafikiria vizuri. "Ni stima. Inapotea mtu akimalizia CV, na hajasave."

Wakaangaliana.

"Na data ya clients unailinda aje?"

"Naambia kila mtu alogout. Akisahau, namlogoutia."

Mimi hapo ningempea kazi.

Boss akacheka mpaka akatoa miwani. "Kijana, cyber ni security. Mahacker. Yako ni ya photocopy. Kwani hizo bado ziko?"

Damu ikapanda. Nikasimama. "Boss, tangu nizaliwe cyber ni mahali watu wanaprint. Mlibadilisha lini, na mbona hamkutuma hata text?"

Wafula akanivuta shati. "Wacha, twende."

By the way, cloud ilikuwa inaleta mvua, sasa inawekewa mafaili. Model alikuwa msichana wa kalenda, sasa inaandika insha. Lakini sawa, ni sisi tumebaki nyuma.

Kufika Kiamunyi, Wafula akaingia ndani. Akatoa ngazi na rangi, akafuta neno CYBER kwa signboard. Ikabaki WAFULA na nafasi tupu.

Akiwa bado huko juu, mathe mmoja akasimama na flash mkononi. "Wafula, kwani umefunga cyber?"

"Soma hapa, mathe. Si cyber tena."

"Mimi sijakuja kusoma, nimekuja kuprint. Shuka."

Akashuka.

Akimprintia, nikapanda ngazi nikarudisha neno, kubwa kuliko la kwanza. Chini nikaongeza SECURITY, kwa sababu kuna mbwa hulala hapo mlangoni. Sasa tuko up to date.

Bungoma itangoja kidogo.

Nilichojifunza: mtu akitumia neno unalijua, muulize kwanza leo linamaanisha nini. Ukiliamini tu, utaazima watu tai bure.

Kama nawe umenyang'anywa neno, lete hapa chini. Na kama umekuja kunifundisha maana ya cyber, pitia Kiamunyi kwanza, tukuprintie.