Ndunge haombi mahindi ya mgeni, anaomba unga wa mtoto

Saa moja na robo asubuhi, Ndunge Mwau ameketi kwenye kigoda jikoni kwa Muthoki Kyule, kilomita nne kutoka soko la Kabati, Kaunti ya Kitui. Hajaomba kitu. Anangoja maji ya uji yachemke.

Muthoki, mama wa watoto watatu, anamtazama mgeni wake, kisha anainuka na kushusha debe lililo juu ya rafu. Unga uliomo ni mweupe kabisa.

"Mwaitu, hapana," Ndunge anamwambia taratibu, kwa neno ambalo Wakamba humwitia mama kwa heshima. "Si hilo. Lile la mtoto."

"Hiyo ya mtoto ni ya kuaibisha."

"Ndiyo imenileta."

Muthoki anacheka na kufunika mdomo kwa leso. "Mimi nimeona watu wa serikali, wa kanisa, hata wa kura. Sijaona mtu anatoka kwake asubuhi kila mwezi kutafuta unga mbaya."

Hata hivyo anavuta debe jingine kutoka nyuma ya mlango. Unga wake ni wa kijivu kidogo. Ndunge anachota vijiko vitatu, anavitia kwenye mfuko wa karatasi, anaandika namba, tarehe na saa. Kisha binti mdogo wa nyumba hiyo, mwenye miezi kumi na mitano, analazwa kwenye ubao wa kupimia urefu huku akipiga mayowe. Sentimita sabini na moja na nusu.

Ndunge anaandika, anamshukuru mama na kuaga. Njiani ndipo anaeleza kwamba mtoto wa umri huo angetarajiwa kuwa mrefu zaidi.

"Pale sisemi kitu. Nikikunja uso, mama atafikiri nimemhukumu, na mwezi ujao nikibisha hodi atakuwa ameenda shambani."

Ndunge, mwenye umri wa miaka 44, ni mkusanyaji wa sampuli katika utafiti unaofuatilia watoto wa chini ya miaka miwili katika vijiji vya Kitui na Makueni. Watafiti wanataka kujua kama sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi ambayo wengi hapa huiita aflatoksini, humdumaza mtoto anapoila kidogo kidogo kila siku. Gharama zote hulipwa na wakfu mmoja wa hisani wa ng'ambo, ambao hutoa pesa kwa utafiti wa magonjwa ya watu maskini. Ahadi ilikuwa ya miaka mitatu, lakini kila mwaka wakaguzi wa wakfu huja, husoma matokeo na kuamua kama pesa ziendelee. Ndunge hulipwa shilingi 26,000 kwa mwezi. Mkataba wake huisha pesa za wafadhili zinapoisha.

Sumu hiyo haikuwa ngeni kwake. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia moja katika maeneo haya. Baba mkwe wake alikuwa mmoja wao.

"Macho yalikuwa manjano. Tulifikiri ni malaria, tukampa dawa ya malaria. Kumbe ilikuwa kwenye sahani."

Ndunge aliacha shule kidato cha pili. Kwa miaka minane alifanya kazi katika kinu cha kusaga nafaka hapo Kabati, akipima magunia na kumimina mahindi mashineni. Watafiti walimchukua kwa sababu alijua mizani, na karibu kila nyumba ilimjua.

Ni katika kinu hicho hicho ndipo, mwaka jana, aligundua kosa ambalo lingeweza kuharibu utafiti mzima.

Kwa miezi kumi na moja, yeye na wenzake wanne walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba na kuomba bakuli moja la mahindi. Maabara iliyapima na kuyakuta safi. Kati ya sampuli 386, tisa tu zilizidi kiwango kinachoruhusiwa. Wakati huo huo, vipimo vya urefu vilionyesha watoto wengi hawakui inavyotakiwa.

"Tulikuwa tumeanza kuandika kwamba pengine sumu si tatizo tena hapa, tutafute sababu nyingine," anasema Dkt. Yvonne Mutie, anayeongoza utafiti huo.

Jumamosi moja Ndunge alipeleka mahindi yake mwenyewe kusagwa. Mbele yake kwenye foleni alikuwepo mama ambaye Jumanne ya wiki hiyo alikuwa amempa bakuli la mahindi meupe, punje nzima nzima. Sasa alikuwa akimimina mahindi yaliyovunjika, mengine yenye rangi ya majivu, mengine ya kijani.

"Ndunge, unaangalia mahindi ya watu kama askari wa kaunti," akatania Nzioka, mwenye kinu. "Hii mashine haina leseni ya kuuliza maswali."

Ndunge akamuuliza yule mama kwa sauti ya chini kwa nini hakumpa mahindi hayo siku ile.

"Wewe! Nikupe hiyo, wewe mgeni? Ukaniseme Kabati yote?"

Ndunge anasema alisimama hapo hadi zamu yake ikapita.

Katika nyumba nyingi za Ukambani, mahindi yakishapukuchuliwa, wanawake hukaa chini na kuyachagua. Punje nzima na nyeupe huwekwa kando kwa ajili ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na kwa ajili ya mgeni. Zilizovunjika na kubadilika rangi hupelekwa kinuni, maana zikishasagwa jicho haliziangalii tena. Na chakula kinachopikwa kwa unga huo mara nyingi kuliko vyote ni uji wa asubuhi wa mtoto mdogo.

"Hakuna mtu alidanganya," Ndunge anasema. "Tulikuja kama wageni, tukapewa ya wageni. Mimi mwenyewe kwangu nachagua hivyo hivyo. Nimeingia nyumba themanini na bakuli mkononi, na sikukumbuka hata siku moja ninachofanya kwangu."

Zilibaki wiki tano wakaguzi waje.

Kabla ya kusema ofisini, alimpigia simu mwenzake Kaveke, mkusanyaji wa upande wa Kilungu, Makueni, aliyekuwa na watoto wawili sekondari. Kaveke alimsikiliza hadi mwisho.

"Akaniambia, 'Ndunge mama, wacha wazungu waje waende. Wakishaweka sahihi, utasema.' Hakuwa na nia mbaya. Nilikaa na hilo neno siku tatu."

Ndunge naye alikuwa na binti chuoni, akisomea uuguzi.

"Siku ya nne nilijiambia hivi: wakiandika kwamba mahindi yetu ni safi, nani atarudi hapa? Itakaa kwenye vitabu vyao miaka ishirini kwamba Kabati hakuna shida. Watoto watabaki wafupi, na hakuna mtu atauliza tena."

Akaenda ofisini. Dkt. Yvonne anakumbuka kwamba alimuuliza swali moja tu, kama ana hakika, na Ndunge akamjibu waende kwa Nzioka Jumamosi. Walisimama kinuni kutwa nzima na, kwa ruhusa ya wenye mahindi, wakachukua sampuli arobaini kabla hayajasagwa. Thelathini na moja zilizidi kiwango.

"Sijui kama ningewahi kugundua," anasema mtafiti huyo. "Nimelelewa Nairobi. Kwetu unga ulitoka dukani."

Kosa hilo liliandikwa lilivyo katika ripoti ya mwaka. Wakfu haukusimamisha utafiti, lakini haukutoa tena miaka miwili iliyobaki. Ulitoa miezi tisa ya kurudia kazi kwa njia mpya, na ukapunguza wakusanyaji kutoka watano hadi watatu.

Kaveke alikuwa mmoja wa wawili walioachwa. Siku hizi anauza parachichi na ndizi Malili, kando ya barabara kuu.

"Sina neno na yeye," alisema kwa simu. "Alisema ukweli. Lakini huo ukweli ulinikuta mimi na watoto shuleni, haukumkuta yeye."

Ndunge anaposomewa maneno hayo anatikisa kichwa kukubali. "Ana haki. Kama ningekuwa yeye, pengine nisingeshika hata simu."

Miezi mitano kati ya ile tisa imepita. Sampuli za unga ni 214 sasa, na Ndunge amejifunza kufika saa ya uji, si saa ya wageni. Amepata pia jambo aliloliomba mwenyewe. Zamani majibu yaliishia maabara na katika majarida ya wasomi. Sasa kila mama huambiwa unga wake ulionekanaje.

Kuambiwa hakumalizi shida. Mwezi uliopita Muthoki alimuuliza, "Nikitupa hii yote mbaya, tutakula nini mvua ikichelewa?" Ndunge alimwomba jambo dogo: mtoto asagiwe punje nzuri kwanza, na watu wazima wagawane zinazobaki baada ya zile za kijani kutolewa. Muthoki alisema atajaribu. Leo, kama unga wa nyuma ya mlango ulivyoonyesha, alikuwa bado hajaweza.

"Mume wake anapenda muthokoi," Ndunge anasema, bila kumlaumu mtu. "Hayo ni mazungumzo ya siku nyingi."

Ombi jipya la ufadhili, la miaka miwili, lilitumwa wiki iliyopita. Jibu linatarajiwa kabla ya mkataba wake kuisha. Wakati linaandikwa, Dkt. Yvonne aliwauliza wakusanyaji nini kiongezwe. Wenzake walitaja pikipiki na viatu vya mvua. Ndunge aliomba idadi ya wakusanyaji iandikwe watano, na majina ya wale wawili yatangulie.

Imeandikwa hivyo. Alimpigia Kaveke, ambaye tangu aachwe hakuwa akishika simu zake, na mara hii simu ilishikwa.

"Aliniuliza majina yao yamewekwa wapi, nikamwambia juu kabisa," Ndunge anasimulia. "Halafu akaniambia, 'Wakikubali, mimi naanza na zile nyumba za juu Kilungu. Huko nilipita na bakuli. Huko wote walinipa ya wageni.'"