Shikamoo Haipiti Kwenye Wavu

Mama yangu aliugua malaria mara moja tu maishani, na hiyo moja ilitosha. Alikwenda Basotu, kando ya ziwa, kumtembelea mdogo wake, akarudi nyumbani Tumati na homa iliyompanda kichwani hata akawa ananiita kwa jina la marehemu baba. Hospitali walimwokoa, lakini figo hazikurudi kama zamani. Daktari aliniita pembeni akasema ya pili asiipate. Hakuongeza neno, wala mimi sikumweleza mama. Kwetu juu milimani ni baridi. Mtu anaweza kuzeeka bila kuujua mlio wa mbu, na mwili wake usijifunze kupigana naye.

Kwa hiyo mama mdogo alipolala kitandani akawa hainuki tena, na mama akasema, "Nipeleke kwa mdogo wangu," nilielewa ninaombwa nini. Nilikataa kwa hoja nzuri sana, zimepangwa kama nilivyofundishwa chuo kikuu. Mama alizisikiliza zote huku akifunga nguo zake kwenye kitenge.

Ndipo nikalikumbuka gari langu. Ni basi dogo nililolinunua likiwa limechoka, nikaliwekea kitanda, jiko, sinki na choo, kwa kuamini kwamba mwandishi mwenye nyumba ya magurudumu ataandika zaidi. Hadi siku hiyo nilikuwa nimeandikia humo barua za kuwaomba radhi wahariri, basi. Sasa lingepata kazi. Lingeegeshwa uani kwa mama mdogo, mama akae na mgonjwa mchana, na jua likianza kushuka arudi garini nimfungie humo hadi asubuhi.

Nililiziba gari kwa bidii ambayo sijawahi kuipa aya yoyote. Kila dirisha nililipigia wavu, nikaubana kwa fito na gundi. Mlangoni niliweka pazia la wavu lenye zipu. Kisha nikafunika vioo vyote kwa mablanketi mchana kweupe, nikalala sakafuni kutafuta mwanga unakopenyea. Ulipenya kwenye mpira wa gia uliochanika, kwenye matundu ya pedali, na pale waya za taa zinapopita. Nikajaza sponji na silikoni. Tundu la sinki nililitia kizibo. Nilipomaliza, humo ndani palikuwa pagumu kupumua, nikaona nimefaulu.

Basotu tulifika mchana. Jioni ile ile mama alikuwa kitandani garini, zipu imefungwa, nami nimesimama nje nikijipongeza, ndipo akaja mzee wa nyumba ya jirani.

"Hodi! Nimesikia dada wa mgonjwa amefika."

"Shikamoo mzee. Amefika, ila amepumzika. Karibu kesho asubuhi."

"Nani amepumzika?" mama akauliza kutoka ndani. "Fungua."

"Mama, salimianeni hapo hapo. Mnaonana."

Mzee aliinama akachungulia. "Naona kivuli," akasema. "Humu mmeweka mtu au mahindi?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu anaogopa nitabunguliwa." Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha. "Huyu kanizidi umri. Unataka nimpe shikamoo kupitia kwenye chujio?"

Akavuta zipu mwenyewe, akatoa mkono. Kwetu salamu bila mkono ni nusu salamu. Baada ya mkono akamkaribisha ndani, maana mzee hawezi kuachwa amesimama uani, na baada ya kumkaribisha ikabidi chai.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimefikiria matundu yote isipokuwa mlango. Watu wa pale mchana wako shambani, ziwani au nyuma ya ng'ombe. Hupata nafasi ya kumjulia hali mgonjwa, na kumsalimia mgeni, mifugo ikishaingia zizini. Saa yao ndiyo saa ya mbu. Kila jioni walikuja, kila mmoja na salamu zake kamili, za nyumbani, za watoto, za mvua, na kila salamu ilifunguliwa zipu. Mbu waliingia nao migongoni kama wageni walioalikwa.

Mimi nilikaa kona ya kitanda nikiwaua kwa viganja. Pwaa. Pwaa.

"Kijana wako anatupigia makofi," jirani mmoja akamwambia mama. Nina mvi, lakini pale nilikuwa kijana. "Ndiye yule aliyesoma chuo kikuu?"

"Ndiye," mama akajibu.

"Alisomea makofi?"

Nilijaribu kuweka benchi nje ili wageni waishie hapo. Mama akatoka kukaa nao. Nilimpaka mafuta ya kufukuza mbu. Mama mdogo, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki kama uzi, alimnusa akamuuliza, "Dada, umetoka kwenye josho la ng'ombe?" Mama akaenda kunawa. Hata tulipokuwa peke yetu, usubi kutoka ziwani, wadogo kama vumbi, walipita kwenye matundu ya wavu wangu bila hata kuinama, wakatuachia mikono inayowasha. Kila asubuhi nilimwomba mama anionyeshe mikono yake, nami nikaikagua kama polisi. Siku ya tatu akaanza kuificha ndani ya kitenge.

Nilikuwa silali. Niliwachukia wale wazee wema kwa moyo wangu wote, huku nikiwaamkia.

Kisha mama mdogo akaacha kula, na mama akaniambia anahamia chumbani kwake.

Chumba kile kilikuwa na uwazi wa kupitisha kiganja kati ya ukuta na bati, kuzunguka pande zote. Kitanda kilikuwa na chandarua kilichochanika. Nilisimama mlangoni nikamzuia mama yangu kwa mwili, jambo ambalo sikuwahi kufikiri ningelifanya, nikamwambia maneno ya daktari yote.



"Kwa hiyo yeye anakufa, na mimi nikiumwa nakufa," akasema. "Sasa unataka tufie vyumba tofauti?"

Nikampisha.

Mchana ule nilichukua koleo nikang'oa wavu wa gari, dirisha baada ya dirisha, pamoja na lile pazia la zipu. Nilipanda juu ya meza nikaanza kuupigilia misumari pale bati linapokutana na ukuta. Wanawake hao wawili walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu wakinitazama.

"Dada," mama mdogo akasema, "tumekuwa kuku wa kisasa."

Wavu haukutosha. Gari ni dogo kuliko nilivyolihesabia, na nyumba ya udongo haina pembe iliyonyooka. Juu ya mlango palibaki mwanya, nikausokomea magunia, kisha mashati yangu, mpaka nikabaki na fulana. Jioni wageni walikuja kama kawaida, na hapakuwa na zipu tena ya kuwachelewesha.

Baada ya siku chache mama aliamka anatetemeka.

Nilimbeba hadi garini. Njia nzima hadi kituo cha afya, katikati ya mashamba ya ngano, niliapa kimoyomoyo: jibu liwe lolote, sirudi ziwani. Ninampandisha moja kwa moja Tumati, alie, anilaani, lakini awe hai huko kwenye baridi. Muuguzi alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo. Nilikikodolea macho kuliko nilivyowahi kukodolea maandishi yoyote. Ukatokea mstari mmoja. Nikasubiri wa pili. Haukutokea.

"Hana malaria leo," muuguzi akasema. "Ni kifua. Homa ikirudi mlete tena, usingoje."

Leo. Neno hilo nilitoka nalo mlangoni kama mzigo.

Mama alilala usingizi kabla hatujafika njia panda. Nilisimamisha gari pale, injini ikiunguruma. Njia moja ilielekea kwetu, nyingine ziwani. Ningeshika ya kwetu, angeamka tayari tuko milimani, na mdogo wake angekufa akiuliza aliko. Madirisha yangu yalikuwa wazi, hayana hata uzi wa wavu, na inzi wa ng'ombe walikuwa wamekwishaingia wakitembea juu ya blanketi lake. Niliwafukuza kwa kofia. Wakarudi.

Nikakata usukani kuelekea ziwani.

Mama alifumbua macho, akatazama nje kidogo, akajua ni njia gani. Hakusema asante. Alisema niendeshe polepole, mgongo unamuuma. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, nami sikuweza kwenda polepole.