Safari ya Aprili ya Mwalimu Akoth

Kwa miaka kumi na saba, mtu yeyote aliyepanda ngazi za ofisi ya utalii ya Obura mjini Nakuru akitaka kujua aende wapi kuona wanyama, na aende lini, alielekezwa kwenye meza moja tu: meza ya Nerima.

Nerima hakusomea utalii. Babake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa na kukulia hapa hapa Nakuru. Alipomaliza fomu foo, yaani kidato cha nne, aliajiriwa na Obura kupokea simu. Hayo mengine aliyajua kwa kuuliza. Kila asubuhi, kabla hata hajavua sweta, alipigia madereva waliokuwa njiani, halafu askari mmoja wa lango la mbuga ya Mara, halafu mama aliyeuza chai karibu na Ziwa Bogoria. Mvua imenyesha? Simba wameonekana upande gani? Daraja limepitika? Akayaandika yote kwenye daftari. Mgeni mwenye siku moja tu na anayetaka kuona kifaru, Nerima alimwambia asitoke Nakuru. Mwenye kutaka nyumbu wakivuka mto alimwambia asubiri Agosti. Na mama mwenye mgongo unaouma alimkataza kabisa barabara ndefu. "Nenda Naivasha, upande mashua, uone viboko umekaa kitako," alimwambia, na yule mama alirudi mwezi uliofuata na mfuko wa maparachichi kumshukuru.

Halafu akaja Mitchelle.

Mitchelle alikuwa na miaka ishirini na sita, na diploma ya utalii. Alipiga video fupi kwa simu yake, akicheka na kuonyesha twiga, na watu wakaanza kupanda zile ngazi wakiuliza, "Mitchelle ndiye nani?" Mwanzoni Nerima alijiambia ni mambo ya vijana, yatapita. Hayakupita. Obura alimpa Mitchelle meza ya dirishani. Kiprotich, dereva wao mkongwe, ambaye tangu zamani alimletea Nerima plamu kila akitoka kwao Elburgon, siku moja aliingia na mfuko akauweka kwenye meza ya dirishani.

"Auntie Nerima, kuja tukule," Mitchelle alimwita.

"Zinanipa kiungulia," Nerima akajibu. Alikuwa anazitamani mpaka mate yamemjaa mdomoni.

Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alianza kuhesabu: leo wameulizia Mitchelle watu wanne, mimi mmoja. Kicheko cha yule msichana kilimchoma. Hata namna alivyosema "karibu sana" kwenye simu Nerima aliiga nyumbani mbele ya kioo, akajichukia.

Basi siku moja mwezi wa Machi, Nerima alienda kliniki kupima presha. Aliporudi saa nane alimkuta mama mmoja mzee akishuka ngazi polepole, ameshika ukuta, uso unang'aa. Walisalimiana wakapishana. Alipoingia ofisini, Mitchelle alimwambia kwa furaha kwamba yule ni Mwalimu Akoth wa kule Bahati, nje kidogo ya mji, amestaafu baada ya kufundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane.

"Alikuwa anakutafuta wewe," Mitchelle akasema. "Ametumwa na mtu wa kanisa lao. Nikamwambia hauko, lakini nitamsaidia. Unajua amefundisha watoto kuhusu flamingo maisha yake yote na hajawahi kuwaona? Kila mwaka alisema mwaka ujao. Nilikaribia kulia."

Alikuwa anakutafuta wewe. Maneno hayo yaliingia Nerima kifuani. Mtu mmoja aliyebaki wa kumtafuta, na huyu amemchukua.

Mitchelle akamsukumia karatasi. "Hebu niangalilie hii kabla nimpelekee bosi. Wewe ndiye unajua hizi vitu."

Nerima alisoma. Siku ya kwanza, Ziwa Nakuru, kuona flamingo. Siku ya pili na ya tatu, Mara. Safari ingekuwa katikati ya Aprili.

Aliona makosa yote mawili papo hapo, kama mtu anavyoona inzi kwenye maziwa. Maji ya Ziwa Nakuru yalikuwa yamepanda miaka mingi, na flamingo wengi walikuwa wamehamia Bogoria. Asubuhi hiyo hiyo yule mama wa chai alikuwa amemwambia ufuo mzima umekuwa wa rangi ya waridi kwa ndege hao. Na Aprili ni mvua ya masika. Udongo mweusi wa Mara ukilowa, gari huzama hadi mlango. Kwa mama yule aliyeshuka ngazi ameshika ukuta!

Mitchelle alisubiri, kalamu mkononi. Nje boda boda zilipiga honi.

"Iko sawa," Nerima akasema.

Alirudisha karatasi na kukaa. Alijiambia kwamba hakumdanganya mtu. Mwenye diploma na ajifunze. Alie siku moja tu, Obura amwone, Kiprotich amwone. Kumhusu yule mwalimu hakujiruhusu kufikiri. Wiki tatu zilipita, na kila asubuhi alipopiga simu zake na kusikia mvua imeanza, moyo wake uliruka kidogo, na hakuwa na hakika kama ni furaha au ni hofu.

Safari ikafika. Siku ya kwanza Kiprotich alipiga simu kusema Mwalimu ameona vifaru wawili, lakini flamingo ni wachache tu, wako mbali, hata kwa darubini ni kama vumbi. "Ameuliza wameenda wapi," Kiprotich alisema. "Nikamwambia Bogoria. Akanirudishia darubini."

Siku ya tatu, saa tisa mchana, simu ya ofisi ililia tena. Nerima ndiye aliyeishika.

"Gari imekwama tangu saa nne," Kiprotich alipaza sauti juu ya kelele ya mvua. "Ile ya kutuvuta ndio imefika sasa hivi. Mwalimu alishuka kwenda haja, akateleza. Mkono umefura. Mwambie bosi tunampeleka hospitali."

Nerima alishika simu hata baada ya kukatika. Kile alichokingoja kilikuwa kimefika, na kilikuwa na ladha ya chuma.

Obura alimwita Mitchelle ofisini kwake na hakufunga mlango. "Nani anapeleka mtu mzee Mara Aprili? Nani? Ulisomea wapi wewe?" Alisema mengi. Nerima alikaa mezani, macho kwenye daftari, akingoja neno moja tu: kwamba Auntie Nerima aliiona ile karatasi akasema iko sawa. Alikuwa ameshatayarisha jibu. Angesema hakuisoma vizuri, alikuwa ametoka kliniki.

Neno hilo halikuja. "Ni makosa yangu, bosi," Mitchelle alisema. "Sikuuliza vizuri."

Alipotoka alikuwa analia kama vile Nerima alivyotaka alie. Alipita mbele ya meza ya Nerima, akamwangalia mara moja, akaenda kukaa. Hakuuliza kitu. Na hapo ndipo wivu ulipomshika Nerima vibaya kuliko siku zote. Urembo, miaka ishirini na sita, meza ya dirishani, hayo angeweza kuyavumilia. Sasa hata kwa utu msichana huyu amemzidi. Angemtukana, wangekuwa sawa. Amemnyima hata hilo.

Hakumwambia mtu. Jumamosi alikwenda Bahati peke yake, akaulizia mpaka akafika. Mwalimu Akoth alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mkono uliovunjika umefungwa plasta, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja.

"Wewe ndiye Nerima," Mwalimu alisema. "Wewe ndiye niliambiwa nikuone."

"Ndio, Mwalimu. Pole sana."

"Kaa."

Nerima alikaa. Alikuwa amepanga kuanza mbali, na mvua, na barabara. Badala yake alisema, "Mwalimu, niliiona safari yako kabla hujaenda. Mitchelle alinionyesha. Nilijua utakwama, na nilijua flamingo hawako. Nikasema iko sawa."

Mwalimu aliacha maharagwe. "Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu yule msichana. Nilitaka aaibike."

Kuku aliingia barazani, akatoka.

"Kwa hivyo ulitaka kumchapa yeye," Mwalimu alisema, "ukachukua mkono wangu ukaufanya kiboko."

"Ndio, Mwalimu."

"Nimefundisha watoto wabaya, Nerima. Wengine waliiba chaki, wengine walinirushia mawe. Lakini hao walikuwa watoto." Alikuwa na hasira, wala hakuificha. "Nenda nyumbani. Sitaki kukuona leo."

Nerima aliondoka. Jumatatu alimwambia Obura yote, Mitchelle akisikia. Obura alimtazama mpaka akachoka kumtazama. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna safari itakayotoka bila wao wawili kuipitia pamoja na kutia sahihi. "Na umwombe huyu msamaha," aliongeza. Nerima aliomba. Mitchelle alisema, "Sawa, Auntie," kwa ubaridi, na kwa wiki nzima hakuongea naye jambo lisilo la kazi. Ajabu ni kwamba hilo lilimpunguzia Nerima mzigo kidogo.

Mwishoni mwa Juni Mwalimu Akoth alipiga simu mwenyewe. Plasta ilikuwa imetolewa. Hakusalimia sana.

"Nerima. Wale ndege wako wapi sasa?"

Nerima hakuhitaji daftari. "Bogoria, Mwalimu. Wamejaa upande wa chemchemi za moto. Njia ni lami mpaka ndani, hutatembea hatua ishirini. Twende Alhamisi, tutoke asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali."

"Tutakwenda mimi na wewe na yule msichana. Dereva awe yule yule, ana subira."

Alhamisi walitoka saa kumi na mbili na nusu. Kiprotich aliendesha, Nerima akakaa mbele, Mwalimu na Mitchelle nyuma. Walipita Mogotio, ardhi ikakauka na joto likapanda, hatimaye wakaingia Bogoria kwa lango la Loboi.

Ziwa lilitokea ghafla baada ya kona. Ufuo wote ulikuwa waridi, mstari baada ya mstari, na mvuke wa chemchemi ukipanda katikati yao. Sauti yao ilikuwa kama watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla ibada haijaanza. Kundi moja liliruka, na mabawa yakafunguka mekundu chini.

Mwalimu Akoth alishuka mwenyewe. Alisimama, mdomo wazi, kisha akaanza kusema kwa sauti ya darasani, "Flamingo ni ndege mwenye miguu mirefu. Hula mwani. Rangi yake hutokana na chakula chake." Hapo sauti ikakatika. Akanyoosha mkono wake mzima, na aliyeushika ni Mitchelle, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Walisimama hivyo, wote wawili wakilia na kucheka.

Nerima alikuwa hatua tatu nyuma. Yeye ndiye aliyejua siku, mahali na saa. Mkono ulioshikwa haukuwa wake, naye aliona kile kitu cha zamani kikiinuka tena kooni. Hakikuwa kimekufa. Labda hakingekufa. Baada ya muda Mwalimu aligeuka, akamwona, akasema, "Ulichagua vizuri," akarudisha macho ziwani. Ilikuwa ni hayo tu.

Wakati wa kurudi Mwalimu alilala, kichwa begani kwa Mitchelle. Nerima aliwaona kwenye kioo cha dereva. Roho ilimuuma, akaiacha iume. Walipokaribia Nakuru upepo wa baridi ulianza kuvuma kutoka upande wa Mitchelle, na shuka alilojifunika mzee likateleza.

"Mitchelle," Nerima aliita kwa sauti ya chini, "funga dirisha kidogo, mkono wake usipate baridi."

Mitchelle alifunga dirisha, akalivuta shuka juu.