Jiwe la Warumi Mikononi mwa Matar

Jiwe lilikuwa moja tu. Lilitolewa kwenye ukuta wa Warumi uliofukuliwa chini ya ghala karibu na Mto Thames, likaletwa maabara ya chuo likandamizwe mpaka lipasuke, ijulikane ukuta una nguvu kiasi gani. Nguvu ikionekana ndogo, ukuta ungevunjwa. Umesimama miaka elfu moja na mia nane, halafu uhai wake unategemea mashine moja.

Aliyeiendesha ni Matar Abdulsamad. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitoka Walthamstow, pembezoni mwa London, alfajiri kwenda kupasua zege za watu. Beji yake ilisema "msaidizi". Msaidizi gani huyo, ambaye wahandisi hawajui pa kuanzia siku asipokuja?

Asubuhi ile Dakta Lata, mhandisi mzaliwa wa Mombasa, aliliweka jiwe kwenye mashine kwa upande uliokaa sawa zaidi.

"Haya, Mzee Matar, washa."

Matar hakuwasha. "Mama, hili umelisimamisha. Ukutani lilikuwa limelala. Likisimama hivi litapasuka upesi."

"Umejuaje? Waliolitoa hawakuweka alama."

Marehemu baba yake Matar alikuwa mwashi wa Mji Mkongwe, na hakuliweka jiwe ukutani kabla ya kulimwagia maji na kutazama linavyokauka, aone matabaka yake yamelala vipi. Matar akachota maji kwa kikombe chake cha chai, akalimwagia.

"Mzee, umeniharibia sampuli," Lata akasema.

Matar alijua anachohatarisha. Akikosea, ukuta umekwisha, na yeye ndiye aliyeumaliza. Wakangoja. Robo saa haikupita, mistari myembamba ya unyevu ikajitokeza ubavuni mwa jiwe, ndiyo matabaka yake, yote imesimama wima badala ya kulala. Lata aliitazama, kisha akashika upande mmoja, Matar upande wa pili, wakalilaza.

Walilikausha siku nzima. Kesho yake Matar akawasha, na sindano ya kipimo ikapanda, ikapita kiwango kilichotakiwa, ikazidi kupanda. Warumi walijua kazi, tusiwanyime haki yao. Jiwe lilipopasuka, lilikuwa limebeba karibu mara mbili ya walichotarajia, na Matar alikuwa akitabasamu utadhani ukuta aliujenga yeye.

Jioni Lata alikuja na ripoti. "Nimeandika kwamba wewe ndiye uliyetambua ulalo wa jiwe. Cheo niweke msaidizi?"

Matar alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Andika mwashi," akasema. "Baba hakuwahi kuandikwa popote."