Maoni Kumi na Tisa Kuhusu Koti la Kijani

Nilitumwa kukusanya maoni ya watazamaji, basi. Redio ninayoifanyia kazi mjini Kisumu ina kipindi cha sinema kila Jumamosi, na wiki hiyo tulikuwa na filamu iliyotokana na kitabu cha katuni. Ni habari ya mji wa bandari ambako mvua haikatiki. Picha zote ni nyeusi na nyeupe, kama zimechorwa kwa wino, na rangi ni moja tu, kijani cha koti la mpelelezi anayemtafuta muuaji wa kuli aliyetupwa majini.

Vijana wa mjini waliolipa kiingilio waliniambia maneno yaleyale mmoja baada ya mwingine. Ukiisimamisha popote, walisema, unapata picha ya kutundika ukutani. Mhariri wangu alisikiliza kanda nzima akavua visikizi. "Hawa wamesoma mtandaoni kabla ya kuingia," alisema. "Nenda ufuoni."

Ndiyo maana Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nimekaa kwenye banda la video upande wa Asembo Bay. Nje jua lilikuwa kali. Ndani madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia yaliyowahi kubebea omena, dagaa wa ziwani, na kila aliyeingia alisimama kwanza mlangoni akipapasa benchi kwa mkono. Dijei alikuwa mbele, kando ya projekta, na maikrofoni mkononi. Kazi yake ni kupunguza sauti ya filamu na kutafsiri hapohapo, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiluo na Sheng. Wazungumzaji wakirefusha mazungumzo yeye huyaruka na kutia mzaha, kwa sababu watu hawakuja kutazama midomo.

Maoni ya kwanza yalikuja kabla filamu haijamaliza dakika mbili.

"Dijei, rangi imeisha!"

"Piga hiyo mashine kofi!"

Dijei akaipiga kweli. Wakati uleule mpelelezi akatokea kwenye kona ya barabara na koti lake la kijani, na banda zima likapiga makofi.

"Si mnaona? Inarudi polepole," alisema dijei.

"Mbona inarudi kwa koti peke yake?" aliuliza mama mmoja mchoma samaki, aliyekuwa amekaa karibu nami akibandua magamba yaliyomkauka mkononi.

Dijei akaendelea. "Huyu ni askari."

"Askari gani?" Alikuwa mama yuleyule. "Hana sare, hana gari, hana bosi. Na sasa anatembea kwa paa!"

"Ni askari wa kujitegemea, Mama."

"Hakuna kitu kama hiyo, bwana. Tafuta jina yake."

Kwenye kitambaa cheupe mpelelezi alikuwa akiruka kutoka paa hadi paa, koti likipepea nyuma yake. Dijei akasogeza maikrofoni mdomoni. "Basi ni jajuok!"

Banda lililipuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Jajuok, kwa Kiluo, ni mtu anayekimbia usiku akiwa uchi na kurusha mchanga kwenye mapaa ya majirani, na hadithi zake huchekesha hata watoto. Lakini mchawi naye huitwa kwa neno hilohilo, na huyo hachekwi. Kuanzia hapo mpelelezi hakuwa na jina lingine. Jajuok amefungua mlango. Jajuok amevaa kofia. Palipokuja mazungumzo marefu, ambapo mlinzi wa gati anamweleza mpelelezi mahali kuli alipotupwa, dijei aliyaruka yote akaimba wimbo wa harusi. Kisha picha ikahamia majini, na mpelelezi akasimama juu ya maiti bila hata kutafuta.

"Jajuok amefika kwa maji," alisema dijei.

Waliocheka safari hii walikuwa wachache. Kwenye benchi la mbele mwanamume mmoja alisimama, na kivuli chake kikakata picha katikati.

"Muulize amejuaje mahali maiti iko."

"Nani, omera, ndugu yangu?" aliuliza dijei.

"Huyo. Kijiji mzima inatafuta, na yeye anaenda moja kwa moja. Amejuaje?"

Mchoma samaki aliniinamia akaninong'oneza. Ndugu mdogo wa mtu yule alikuwa ameenda kuvua omena wiki mbili zilizopita. Mashua ilipatikana ikielea karibu na matete, nyavu ndani bado mbichi, na mtu hayumo. Mpaka siku ile ziwa halikuwa limemrudisha.

Nilijua Kiingereza cha filamu ile. Ningeweza kusema kwamba aliambiwa na mlinzi. Badala yake nikaandika swali la mtu yule kwenye daftari, namba tano.

Watu walipotoka nilisimama mlangoni na kuwauliza mmoja mmoja, nikiandika kwa namba, jinsi nilivyozoea, mpaka kumi na tisa. Namba sita alisema sinema isiyo na rangi ni ya mazishi. Namba nane, mvulana wa sekondari, aliipenda mvua yake iliyokatwa kama kwa wembe. Namba kumi alitaka arudishiwe nusu ya kiingilio kwa sababu ameona nusu ya rangi.

Namba kumi na moja alikuwa fundi wa taa. Alitoka mkoa wa kati miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikuwa na kibanda chenye paneli za sola, na wavuvi wa omena, ambao huvua usiku, walimwachia betri za taa zao azichaji mchana. Alfajiri alizifuata mwenyewe ufuoni mashua zikirudi.

"Mimi nimeipenda sana," alisema. "Giza lake limepangwa vizuri. Mtu akizoea kutembea gizani, anajua giza si moja. Liko la maji, liko la mti, liko la mtu."

"Unatembea gizani mara nyingi?" nilimuuliza. Ni swali ambalo mwandishi yeyote angeuliza.

"Kila siku."

Ndugu wa aliyepotea alikuwa nyuma yangu akingojea zamu yake. "Mzee," alisema, "koti yako ya mvua ni rangi gani vile?"

Fundi akacheka, mabega yakatikisika. "Kijani! Hata mimi nilijiona pale juu!"

Alicheka peke yake. Niligeuka kumtazama aliyeuliza, na alikuwa ameondoka bila kutoa maoni.

Jumanne dijei alinipigia simu. Hakunisalimu. "Wanamwita fundi ile jina," alisema. "Mwanzo ilikuwa mzaha, sasa si mzaha. Watoto wakitumwa kwake wanalia. Kuja uwaambie muvi inasema nini, wewe ni mtu wa redio."

Nilifika Jumatano. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye banda la kupimia samaki, wengi kuliko waliokuwa kwenye filamu, na fundi amekaa kwenye kreti pembeni, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyekuwa amekaa karibu naye. Mwenyekiti wa ufuo, mzee mpole mwenye sauti ya chini, akanipa nafasi. Nikaeleza. Mwenye koti ni mtu mwema, nikasema. Hamuui mtu yeyote. Maiti alionyeshwa na mlinzi wa gati, na mwishoni yeye ndiye anayemkamata muuaji.

"Hiyo mlinzi mimi sikumuona," alisema mchoma samaki.

"Niliruka, Mama," alisema dijei. "Niliimba hapo."

"Sasa leo ndio unaongeza? Nani amekulipa?"

Ndugu wa aliyepotea alisimama. Hakupaza sauti. "Mwanahabari, wewe unasikia Kizungu. Ulikaa pale saa mbili nzima. Mbona hukusema?"

Nilisema kwamba nilikuwa nakusanya maoni.

"Basi soma maoni ya huyu fundi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Nilifungua daftari nikasoma namba kumi na moja. Nilipofika kwenye giza lililopangwa vizuri, mguno ukapita bandani na mtu mmoja akasema, "Imetosha."

"Soma mpaka mwisho," alisema fundi. Alidhani mwisho utamsaidia, nami nilidhani hivyo. Nikasoma giza la maji, na giza la mti, na giza la mtu. Nikasoma swali langu, kisha jibu lake, kila siku. Nilisikia maji yakigonga ubavu wa mashua iliyofungwa nje.

"Mzee," mwenyekiti alimwambia fundi, "hakuna mtu amekushtaki. Ni vile vijana wako na moto. Pumzika kwenu kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

Mwenyekiti alitazama mizani.

"Kwetu ni hapa," alisema fundi. "Miaka kumi na mmoja, Mwenyekiti. Watoto wangu wanasoma hapo juu."

"Watoto hakuna mtu ameongea juu yao," alisema mwenyekiti kwa upole uleule. Ndipo fundi aliposimama.

Nilimfuata hadi kibandani kwa sababu sikujua pa kwenda. Aliingia akaanza kuchomoa nyaya, akisoma herufi za rangi alizoandika kwenye kila betri kuonyesha ni ya nani. Wavuvi walikuja kuchukua betri zao. Hawakuja kwa kishindo, walikuja wametulia kama watu waliopanga foleni ya zahanati, na wengi wao walikuwa wateja wake wa miaka mingi. Wa kwanza alifika dirishani. Fundi akamnyooshea betri kwa mikono miwili.

"Weka chini," alisema yule mvuvi.

Fundi hakuelewa. Akamnyooshea tena. "Imejaa. Itafika asubuhi."

"Weka chini, Mzee. Nitachukua."

Fundi akatoka nje akaiweka mchangani, akarudi nyuma hatua mbili. Mvuvi akainama, akaiokota kwa ncha ya shati lake, akaondoka bila kumpa kisogo. Wa pili hakuhitaji kusema kitu. Aliinyooshea kidole tu ardhi, na fundi akainama.