Nguzo za pasheni zilipochipua, nikaanza kuaga ndugu

Kamwene wakuu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na chumvi nitakayotia ni ya kuonja tu.

Nimekulia Mbalizi nikiamini jambo moja kwa moyo wote: ukichimbia nguzo uani kwako na ile nguzo ikatoa majani, mwenye nyumba hafiki mavuno yanayofuata. Anazikwa.

Nani aliniambia, sikumbuki. Ila niliamini mpaka nikamaliza form four kwa masomo ya jioni nikiwa nalo kichwani, na biology nilifaulu.

Sasa twende Kihesa, Iringa, ninakoishi na mke wangu, Mama Faraja.

Mama Faraja anauza juisi ya pasheni. Miche yake ilikuwa imetambaa chini uani kama nyoka waliolewa, matunda yanaozea kwenye tope. Akaniomba nimtengenezee kichanja: nguzo na waya, pasheni zipande juu.

Kaka yake, yaani shemeji yangu wa Chimala, alikuwa anakuja Iringa na mzigo wa mchele. Nikamwomba nguzo. Akakata kwenye uzio wake, akazitupia juu ya magunia, akaniletea.

Nikachimbia, nikavuta waya. Wakuu, kile kichanja kilinyooka, ndege ya abiria ingeweza kutua. Pasheni zikapanda, zikatoa maua, zikaanza kubeba.

Mvua zikaanza.

Asubuhi moja natoka na mswaki mdomoni, naona nguzo ya kwanza ina kitu cha kijani. Nikajua ni pasheni hiyo. Nikasogea.

Ni jani. Limetoka kwenye nguzo yenyewe.

Nguzo inayofuata, majani. Ile ya mwisho karibu na choo ndiyo ilikuwa kichaka kabisa. Mswaki niliumeza nusu.

Nikamwita jirani, mzee anayeimba besi kanisani, nikitumaini atanipoza roho. Akaikwaruza nguzo kwa kucha, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Huu si mbono? Kijijini kwetu tunaupanda makaburini."

Nikarudi ndani kuhesabu miezi iliyobaki hadi mavuno.

Mnaotaka kuniuliza elimu ilienda wapi, subirini kwanza. Hofu haijui cheti.

Nikaanza kula ugali nusu sahani, ambayo kwangu mimi ni mgomo. Nikampigia mama Mbalizi kumuaga kwa mafumbo. Yeye akaelewa kwamba naoa mke wa pili, akaanza kulia kwa sababu zake. Nikamwonyesha mdogo wangu mipaka ya kiwanja. Suti ya harusi nikaitoa ipigwe pasi, nisije nikaaibika ndani ya sanduku.

Mama Faraja aliyavumilia yote hayo. Ila siku aliyonikuta na panga mbele ya kichanja, pasheni zimening'inia mbichi hata hazijageuka rangi, alikuja akasimama kati yangu na nguzo.

Nikamweleza. Kwamba hapa ni mimi au nguzo.

"Baba Faraja," akasema, "ukikata hizi, mimi nitauza nini? Na wewe ukifa, nitauza nini?"



Akampigia kaka yake, akaweka loudspeaker, akanishikisha simu niseme mwenyewe. Nikasema yote, hadi suti.

Upande wa Chimala ukawa kimya kwa muda mrefu. Nikajua shemeji analia. Kumbe alikuwa ameweka simu pembeni acheke kwanza.

Alipomaliza kunijibu, panga nikalirudisha stoo. Mavuno yale nimeyala, na yaliyofuata nimeyala, na ile suti sasa hivi haifungi kifungo.

Nilichojifunza wakuu: kama kuna jambo linakunyima usingizi, muulize aliyekuletea nguzo kabla hujaanza kugawa kiwanja. Na wewe unayesoma, uliamini nini mpaka ukubwani? Shusha hapa chini, tusichekwe mmoja mmoja.

Maneno ya shemeji nayaacha kama alivyoyasema siku ile:

"Shemeji, nilikupa miti mibichi. Mbono ukiuchomeka ardhini na mvua ikanyesha, unachipua. Uzio wetu wote ni wa hivyohivyo. Makaburini tunaupanda kwa sababu haufi upesi, tusije tukasahau mtu amelala wapi."