Bibi Iko Nyumbani

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa Afrika Kusini nililala kitanda kimoja na bosi wangu, mwanaume wa miaka sabini na kitu, na juu ya kitanda chenyewe walikuwa wametumwagia maua ya waridi. Msicheke kwanza. Nitawaeleza.

Mzee alikuwa na duka la vitambaa Durban, upande wa mjini, si mbali sana na Umbilo nilikokuwa napanga chumba. Ni Mhindi wa pale pale, alizaliwa pale, na baba yake vilevile. Wateja wake wakubwa walikuwa sisi Wakongomani na Warundi, maana kwetu harusi bila pagne, yaani vitenge, si harusi. Mimi ni mtu wa Bukavu. Kabla ya kuingia dukani nilikuwa nalinda magari ya watu barabarani, nimevaa kile kikoti kinachong'aa, na aliyenitoa juani hakuwa Mzee, alikuwa mke wake. Mama yule aliegesha gari mbele yangu kila Jumamosi. Siku moja akaniuliza Kiingereza changu kinafika wapi. Nikamjibu kinafika pale njaa inaponifikisha. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanipeleka dukani na kumwambia mumewe, "Huyu ataongea na wateja wako. Wewe unawafukuza." Tangu siku hiyo nikawa mtu mwenye kazi, na chakula changu cha mchana kilitoka jikoni kwake.

Halafu Mama akafariki, ghafla, asubuhi moja. Alizikwa siku ile ile kama ilivyo desturi yao. Watu wakaja, wakasema pole, Mzee akawa anatikisa kichwa tu. Baada ya siku chache akafungua duka, na mteja akiuliza Mama yuko wapi, anajibu kwa Kiswahili chake kibovu, "Iko nyumbani." Si kwamba akili zilimruka, hapana. Makaburini alikwenda kila wiki, mimi mwenyewe nilimpeleka. Ila neno lenyewe, kwamba amekufa, lilikataa kutoka. Hakulisema kwa Kiingereza, hakulisema kwa lugha yoyote, hakulia, na alikuwa anakonda tukimwangalia.

Sasa ile safari. Mama ndiye aliyekuwa ameipanga na kuilipia kabla: ziara ya kuongozwa na mwenyeji, Delhi, Jaipur, Agra, kutazama majumba na makaburi ya wafalme wa Kimughal, pamoja na Wahindi wengine wa Durban. Nafasi mbili, yake na ya mumewe. Binti yao anayekaa Johannesburg akanipigia simu.

"Papa anasema atakwenda," akaniambia. "Siwezi kumwacha aende peke yake, na mimi nina mtoto mchanga. Nenda naye kaka, ukae kwenye nafasi ya Mama. Asipolisema huko, sijui atalisema wapi. Na likibaki ndani litamuua."

Eish. Mkongomani wa Umbilo, mtalii! Sisi safari tunazozijua ni zile za kukimbia. Nilitoka Kongo kwa miguu, kwa lori, kwa mashua, kwa basi, na hakuna hata siku moja kati ya hizo niliyojua kesho nitalala wapi. Hii ilikuwa safari yangu ya kwanza yenye tarehe ya kurudi. Niliipiga pasi suruali yangu moja nzuri mpaka mke wangu akaniuliza naoa nani.

Basi tukafika Delhi. Hotelini, mtu wa mapokezi akamwangalia Mzee na kumsemesha kwa lugha ya kule. Mzee lugha ya mababu alibakiwa nayo ya kuagizia chakula tu, akawa kama hasikii. Lakini mimi nikadaka neno moja: bibi. Wallahi, lilisikika hivyo hivyo! Kwetu Kongo bibi ni mke. Watanzania pale Durban wanatucheka, kwao bibi ni mama mzaa baba au mama mzaa mama. Niliwahi kumsifia mmoja pagne itakayompendeza bibi yake, akanijibu bibi yake hana meno na haoni. Na sasa nimevuka bahari, mtu wa Delhi anauliza bibi! Nilifurahi kama niliyekuta jirani ugenini. Sikungoja kuulizwa.

"Bibi hayuko, ndugu yangu!" nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti yote. "Bibi ali..."

Mzee akanibana mkono, akanibana kweli.

"Bibi iko nyumbani," akamwambia yule mtu. Kwa Kiswahili, mnisikilize vizuri, Mhindi kwa Mhindi.

Yule bwana akatutazama, akatukabidhi ufunguo. Tulipofungua chumba ndipo tukakuta maua. Kwa kuwa Mama aliandikisha mtu na mkewe, walikuwa wameandaa mambo ya bwana na bibi: kitanda kimoja kikubwa, na waridi zimepangwa juu yake umbo la moyo. Mimi kicheko kilinishika, nikajiziba mdomo kwa taulo. Mzee hakucheka. Alizikusanya zile waridi kiganja kwa kiganja, akaziweka kwenye beseni la bafuni na kuzitilia maji.

Wiki ile niliona vitu ambavyo mpaka leo namshukuru Mungu. Niliona kaburi la mfalme mmoja pale Delhi, kubwa kuliko kanisa letu mara sijui ngapi, ambalo mwongozaji alisema lilijengwa na mjane wake. Niliona Fatehpur Sikri, mji mzima wa mawe mekundu, wafalme waliujenga kisha wakauhama, na nyumba ziko imara kama wenyewe wametoka sokoni wanarudi. Pale nikawaza mitaa yetu tuliyoihama sisi. Mwongozaji alikuwa mtu mchangamfu, ananyanyua mwavuli juu ili tusipotee, na kwa kuwa tumetoka Afrika Kusini akaamua mimi ni Mzulu. Kila lango alilotuingiza alinitaka niseme neno la Kizulu. Kizulu changu ni cha kununulia nyanya, lakini nilimpa, akaridhika. Na wale ma-aunty wa Durban, jamani! Walibeba achari na pilipili ya unga kutoka nyumbani, wakawa wanakinyunyizia chakula cha India wakilalamika kwamba hawa watu hawajui kupika kari. Mimi walinilisha kama mtoto wao, na kwenye ngazi walinipokea Mzee mkono huu, mimi nimemshika ule.

Nao wakamuuliza, bila ubaya: Uncle, aunty amebaki wapi? Yuko nyumbani, anawajibu. Mimi natazama viatu vyangu. Binti alikuwa anatuma ujumbe kila jioni, "Amesema?", nami namjibu bado.

Agra tulikwenda Taj Mahal alfajiri. Tulivishwa vifuko miguuni ili tusichafue marumaru. Sitawaeleza weupe wake, mtasema naongeza chumvi. Ndani mwongozaji alituonyesha kwamba kaburi la malkia ndilo lililo katikati kabisa, na la mfalme limesogezwa pembeni, maana yeye aliwekwa baadaye. Nikajisemea leo Mzee atalia. Wapi! Aliuliza choo kiko wapi.

Mchana tukaingia ngome ya Agra. Kuna kibaraza cha mawe juu ya ukuta, na ukitazama kufuata mto unaiona Taj kwa mbali, ndogo. Mwongozaji akatuambia kwamba mfalme aliyemjengea mkewe lile kaburi alikuja kufungwa humu ngomeni na mwanawe mwenyewe. Miaka yake ya mwisho aliimalizia hapa, akitazama kule alikolala mkewe, asiweze kufika.

Ma-aunty wakaguna kwa huruma. Mmoja wao, mwenye roho nzuri kuliko wote, akamgusa Mzee bega. "Uncle, mwaka ujao umlete aunty naye aone."

Nikangoja lile jibu. Halikuja. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa jiwe kwa mikono miwili, anatazama mtoni. Kisha akageuka, si kwa aunty, kwangu.

"Mon frère," akasema, yaani ndugu yangu, kama alivyozoea kuwaita wateja wetu kwa Kifaransa. "Bibi yangu alikufa."

Kwa Kiswahili. Lugha ambayo mwaka ule wa vurugu, wageni walipokuwa wanapigwa, sisi wenyewe tulikuwa tunaimeza kwenye taxi, zile daladala za Durban, tusijulikane. Kiingereza kilimshinda, lugha ya mababu ilimshinda, akaona humu ndimo linamoweza kusemeka. Nashukuru hadi leo kwamba tulikuwa nayo, na kwamba nilikuwa nimesimama karibu.

Ila Kiswahili chake ni cha dukani, alikiokota kwa kuuza. Maneno ya msiba hakuna aliyemfundisha. Akatafuta katika yale aliyokuwa nayo.

"Asubuhi anapiga simu. Mimi iko na mteja, mimi hapana chukua. Yeye iko peke yake." Akanishika mkono. "Imekwisha, mon frère. Haina ingine."

Hivyo ndivyo tunavyomwambia mteja aliyekipenda kitambaa na kitambaa chenyewe kimeisha. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Nikamkumbatia, akalia kifuani pangu, kilio cha mtu mzima kisicho na aibu, nami nikalia naye, kwa sababu yule Mama alikuwa mama yangu pia.

Watalii wengine wakasogea pembeni kutupisha. Ma-aunty wakanikodolea macho. "Amesema nini?" yule mmoja akaniuliza kwa woga. "Anasema nini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtafsiria. Mzee akaninyamazisha kwa mkono. Akajipangusa uso kwa kofia yake, akamgeukia yule aunty, akamwambia mwenyewe, polepole, kwa Kiingereza, na akalitaja jina la mkewe.